Feni Yako Haivumi Tena

Mke wangu Debora,

Nimebadilisha feni ya kompyuta yako. Naanza na hilo ili nisije nikazunguka sana halafu nikaona haya kulisema. Ile sauti haipo tena. Niliitoa feni mwenyewe kwa mikono yangu hii ya zege, nikaweka nyingine, na sasa mashine imekaa kimya pale mezani kama mtu anayesoma.

Najua utauliza nani kaniruhusu. Ngoja nikueleze.

Unakumbuka tulivyokuwa tunaisikiliza? Chumba chetu hapa Picha ya Ndege na steshenari yako vimetenganishwa na pazia tu. Jumapili ukishatoka kanisani ulikuwa unaiwasha umalizie kazi za watu, na mimi nimejilaza upande wa pili, mgongo unauma kwa tofali za wiki nzima. Feni inaanza taratibu, inapanda, halafu inatulia kwenye mvumo mmoja wenye mkwaruzo ndani yake. Ulisema ni mvua ya kwenu Vihingo inakuja juu ya mikorosho, bado haijafika uani. Mimi nilisema ni bani la kukaushia tumbaku la kwetu Sikonge, moto unapounguruma chini.

"Wewe Mnyamwezi kila kitu kwako tumbaku."

"Na wewe Mzaramo kila kitu korosho."

Halafu usingizi unanichukua, na huko usingizini vitu vinachanganyika. Mvua inanyesha juu ya bani. Mikorosho imeota Sikonge, mahali ambapo haijawahi kuota. Wewe unapita katikati umebeba karatasi kichwani, na karatasi hazilowi.

Sauti hiyo niliisikia hata kabla sijakujua vizuri. Nilikuja Vihingo kubeba mchanga, usharika wenu ulipokuwa unajenga chumba cha pili cha ofisi. Wewe ulikuwa mchapaji ndani, na kompyuta zenu mbili zilizofanana kama mapacha, zilizotoka kwa wafadhili. Moja ilipigwa na radi haijatumika hata msimu mmoja. Iliyobaki ndiyo ilikuwa inavuma dirishani, na mimi nikipita na karai nilikuwa napunguza mwendo. Siku moja nikakuta beleshi langu halipo. Nikauliza, ukatoa kichwa dirishani.

"Beleshi lako liko jela, mtani. Lete faini."

Nilileta mihogo miwili ya kuchoma. Ukaila yote miwili mbele yangu, ukanirudishia mpini, beleshi lenyewe ukasema hukumu yake bado. Ndivyo nilivyooa. Usharika uliponunua kompyuta za kupakata, wakakupa ile nzima kwa utumishi wako, tukaja nayo Kibaha imefungwa kwenye godoro.

Sasa niseme mambo ya mazishi yako, maana hukuwa na jinsi ya kuyaona.

Wanyamwezi wenzangu wa Mlandizi walikuja kwenu Vihingo tulikokuzika, na kwa kuwa wao ni watani wa Wazaramo, walifanya kama watani wanavyofanya msibani. Mmoja alijifunga kanga yako, akaketi mlangoni, akaweka kinu mbele yake, akawa anachapa juu ya kinu kwa vidole vyote. Akavumisha mdomo kama ile feni. Akapaza sauti: "Wewe, barua yako ya posa hii, nimeandika mahari ng'ombe au kuku?" Watu walicheka mpaka wakalia. Mama yako mwenyewe alicheka. Mimi nikaondoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikashika ukuta. Najua ni mila, na mimi mwenyewe nimewahi kuifanya kwenye misiba ya watu. Lakini siku ile niliona wanakuchukua mara ya pili. Tangu hapo sikukanyaga tena Vihingo. Nilikuwa namtumia mama salamu tu kwa simu.

Na nyumbani nikafanya hivi. Nikirudi kwenye tofali, naoga, nakaa kwenye kiti chako, nawasha mashine. Sichapi kitu. Mlango wa steshenari naufunga. Naiacha ivume, najilaza, na wewe upo upande wa pili wa pazia unamalizia kazi za watu. Majirani walidhani nafanya kazi. Nilikuwa nakusikiliza, basi. Mtu aliyefika darasa la tano kama mimi hana maneno mengine ya kulieleza hilo.

Kisha mashine ikaanza kuzimika. Inavuma, mkwaruzo unazidi, halafu kioo kinakuwa cheusi na chumba kizima kinazimika nacho. Nasubiri ipoe, nawasha tena. Mwanzoni ilikuwa inanipa jioni nzima, baadaye nusu, mwisho nikawa sijafikisha hata usingizi. Nilikuwa nashtuka kwa ukimya kama mtu aliyeitwa jina lake.

Nikaipeleka Maili Moja kwa fundi mmoja mwanamke, anaitwa Zuhura. Nilimpelekea kama ulivyoiacha, na kitambaa chako juu. Kile cheupe cha kufuma chenye pindo la waridi, kilichoshuka mpaka nyuma. Alikitazama kwanza hicho.

"Baba, hii kompyuta mmeivalisha shela. Inaolewa lini?"

"Mke wangu aliifunika isiingie vumbi."

"Vumbi limeingia, kilichoshindwa kutoka ni joto. Hapa nyuma ndipo inapopumulia, na hapa ndipo mlipoikaba."

Usikasirike. Nani huku kwetu hafuniki? Redio inafunikwa, televisheni inafunikwa, friji la jirani lina vitambaa vingi kuliko meza ya bwana harusi. Wewe ulifunika hata miguu yangu nikilala mchana wa joto kali, nikiamka nimelowa jasho. Ndivyo ulivyokuwa unapenda vitu, unavifunika.

Zuhura alifungua ubavu wa mashine akanionyesha. Prosesa ndiyo ubongo, akasema, na juu yake kuna chuma chenye mapezi kama ya samaki, na juu ya chuma ndiyo feni. Chuma kinanyonya joto, feni inalitoa. Katikati ya mapezi kulijaa vumbi limeshikana na nyuzi nyeupe, kama blanketi dogo. Aliigusa feni kwa kidole, ikayumba kwenye mhimili wake kama jino bovu.

Nikamwambia asafishe tu, sauti aiache ilivyo.

Akanitazama. "Sauti hiyo unayoisema ndiyo ugonjwa wenyewe, baba. Feni imelika. Ukiendelea kuiwasha hivi, siku moja haitarudi tena, na sauti hutaisikia vilevile."

"Basi weka nyingine, lakini ivume."

"Sasa wewe unataka dawa au unataka homa?"

Hata ningetaka homa hiyo, akasema, hana feni ya kuweka. Mashine hizi huja zimeshaunganishwa kiwandani, na mwenye kiwanda amechimba matundu yake na kutengeneza plagi yake. Feni ya dukani skrubu zake hazikutani na matundu, na ukiilazimisha, kila ukiwasha itagoma na kuandika kwamba haioni feni yake. "Tafuta mashine iliyokufa, ya kabila hilihili," akasema.

Nilijua ilipo. Ile pacha yake iliyopigwa na radi, kule ofisini Vihingo.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, nikibeba tofali. Nikienda, nakwenda kukata sauti yako kwa mkono wangu. Nisipokwenda, itajikata yenyewe. Nilitamani uniambie. Nikaota umekaa kwenye kinu, unachapa, nami nakuuliza, wewe unanyoosha tu kidole kwenye pazia na pazia linapepea, wala hapana upepo.

Nikaomba ruhusa kwa msimamizi, nikapanda pikipiki Mlandizi, tukashika njia ya vumbi kuelekea kwenu. Mikorosho ilikuwa inatoa maua, ile harufu yake ya kuchosha kichwa. Mama yako alikuwa anaanika udaga wa mihogo. Sikujua niweke wapi macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepotea, baba." Akaendelea kuanika. Baadaye akasema, "Nilidhani Wanyamwezi mkishabeba mtu hamrudi kutazama mlipomweka."

Tulikwenda kwanza kwenye kaburi lako. Halafu nikamweleza haja yangu yote, hata habari ya kitambaa. Nilikuwa naogopa sehemu hiyo. Alishika kiuno akacheka.

"Huyo! Alikuwa anafunika hata sufuria tupu. Nilimwambia, Debora, humo hamna kitu. Akasema, mama, lakini litaingia giza."

Akanipeleka mwenyewe ofisini. Mzee Yakobo bado ndiye katibu wa usharika. Mashine ilikuwa pale pembeni, imewekewa ndoo ya maji juu. Nikaomba kwa adabu zote, kofia mkononi. Akatikisa kichwa: mali ya usharika haitoki bila kikao, kikao mpaka mchungaji arudi, na mchungaji akirudi kuna mambo ya paa.

Mama akanigeukia mimi, siyo yeye. "Wewe Mnyamwezi wa wapi unayepiga magoti? Wenzako wakija hapa wanaondoka na jogoo kwapani na sisi tunawasindikiza. Unaomba nini?"

Nikavaa kofia yangu. Nikatua ndoo chini, nikatoa bisibisi mfukoni, nikafungua ubavu wa mashine mbele ya katibu, nikaanza kuitoa feni pamoja na chuma chake.

"Mzee Yakobo," nikasema, "hii nimeiteka. Ukitaka faini yangu nifuate Kibaha, utakula tofali."

"Mwizi!" akapiga kelele, na huku ananishikia boksi lisiteleze. "Watu wa Vihingo, njooni muone, Mnyamwezi anaiba moyo wa maiti!"

"Maiti wenu mmemtwika ndoo, afadhali mimi ninayemrithi."

Mama akacheka, katibu akacheka, na mimi nikasikia kicheko kingine kikubwa, nikashangaa kinatoka kwangu. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, Debora. Ndipo nikaelewa wale wenzangu walikuwa wanafanya nini siku ile mlangoni. Hawakukuchukua. Walikuwa wanakuketisha na sisi kwa muda kidogo, kisha wanakuacha uende.

Zuhura hakuifunga yeye ile feni. Nilimwomba anielekeze, akakubali, akakaa pembeni na chai yake. Nililegeza skrubu nne, nikakizungusha kidogo kile chuma cha zamani ili kibanduke bila kung'oa prosesa. Dawa ya kupitishia joto iliyokuwa katikati ilikuwa imekauka kama udongo wa ukutani. Nikaifuta kwa spiriti mpaka prosesa ikang'aa, nikaweka dawa mpya nyeupe, kiasi cha punje ya mchele, nikalaza juu yake chuma cha ile pacha na feni yake. Akanionya nisikaze upande mmoja mpaka mwisho, nikaze kidogo huku, kidogo pembe ya mbali, mpaka kilale sawasawa. Nikakaza hivyo, pembe kwa pembe.

Kitambaa chako nimekifua, nakilalia chini ya shavu. Mama amesema ndipo mahali pake.

Nikarudi na mashine nyumbani, nikaiweka mezani kwako, nikafunga mlango, nikawasha. Feni ikazunguka, nikaona mapanga yake kwenye tundu za nyuma. Sauti hapana. Niliinama nikaweka sikio, nikasikia pumzi ndogo sana, kama ya mtoto mchanga. Nikaenda nyuma ya pazia nikajilaza. Mvua haikuja. Bani halikuunguruma. Upande wa pili hapakuwa na mtu, nikajua hapana mtu, na nikalia kama nilivyopaswa kulia nilipokuwa nimeshika ule ukuta.

Nilipotulia ndipo nikasikia mtu anapiga hodi. Kwa nje, taratibu, kama aliyezoea kutojibiwa.

Nikafungua. Mama Asia, yule jirani anayeuza maandazi karibu na nguzo ya umeme. Akarudi nyuma hatua moja.

"Kumbe upo! Baba, mimi nagonga hapa kila siku, nasikia mashine inanguruma ndani, huitiki. Nikasema huyu kazi zake ni za serikali."

Alitaka kuandikiwa barua ya kumwombea mwanawe nafasi ya ufundi cherehani. Nikamwambia mwenye kazi hayupo, na mimi nachapa kwa vidole viwili.

"Hata kimoja," akasema, akaingia, akakaa kwenye benchi la wateja.

Jua lilikuwa bado lipo. Nikavuta pazia nyuma yangu ili mwanga upite, nikaketi kwenye kiti chako, nikamuuliza jina kamili la mwanawe. Akalitaja polepole, herufi moja moja, nami nikawa nazitafuta. Aliweza kunisikia, na mimi niliweza kumsikia yeye.

Sikusikii tena, mke wangu. Nilidhani siku hiyo ikifika nitafunga virago nirudi Sikonge. Sijafunga. Kesho nikitoka kwenye tofali nimeahidi kufungua mlango mapema, maana Mama Asia amekwisha kuwatangazia wenzake. Wewe lala sasa. Kazi za watu nitazimalizia mimi.

Ni mimi mumeo,
Picha ya Ndege, Kibaha