Baba Mdogo, Kompyuta ya Mwalimu Lazaro Imewaka

Baba Mdogo,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kukuandikia bila kukuamkia. Ungenitazama kwa juu ya miwani mpaka nianze upya.

Miezi minane imepita tangu tukuzike pale nyumbani Mwankoko. Mama Mdogo anaendelea vizuri kiasi. Usingizi wake ni wa kukatikakatika, na chakula anakula ukimsimamia. Alizeti alilima na wenzake wa kanisani, zikakubali. Mimi nipo dukani. Meza yako nimeisogeza karibu na dirisha nipate mwanga, usinikasirikie. Kiti chako sijakigusa.

Watu bado wanaingia na kukuulizia. Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja kutoka Ikungi, sipiyu yake, lile boksi la kompyuta, ameifunga kwenye shuka kama mtoto mgonjwa. Nilipomwambia umefariki, akakaa kwenye benchi na mzigo wake mapajani. Halafu akaniuliza, "Sasa nani ataisikiliza?" Hakusema kutengeneza, Baba Mdogo. Alisema kusikiliza. Nikageuka nikajifanya natafuta waya.

Maana ndivyo ulivyokuwa. Mafundi wengine wakiletewa kompyuta isiyowaka wanakimbilia bisibisi. Wewe ulikuwa unaichomeka tu, unainamisha kichwa, unasubiri mlio. Ukilia mmoja mfupi, unasema huyu mzima, tatizo liko mbele, kwenye programu. Ikilia mirefu mfululizo, unachomoa kibao cha kumbukumbu, unakisugua meno yake kwa kifutio cha penseli cha watoto wa shule, unakirudisha, na mashine inawaka kama haijawahi kuugua. Na kabla ya hapo ulimhoji mwenye mali. Siku ya mwisho ilifanya nini? Umeme ulikatika? Nani mwingine aliigusa? Mimi nilikuwa nakuona unapoteza muda. Nisamehe kwa hilo pia.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya hayo. Nimekuandikia kwa ajili ya Mwalimu Lazaro wa Kinampanda. Nitaisimulia yote toka mwanzo, hata unayoyajua, kwa sababu kwa miaka mitatu sikuwahi kuyatamka.

Uliniacha dukani siku hiyo, umekwenda kliniki ya presha. Kompyuta ya Mwalimu ilikuwa mezani, Windows XP imegoma kufunguka. Maneno yako ya mwisho mlangoni yalikuwa, "Toa mafaili yake kwanza, ndipo uweke Windows." Mimi nilitaka ukirudi ukute nimemaliza. Nikaweka CD. Ikafika pale inapouliza Windows ikae sehemu gani ya diski, nikaona sehemu mbili, C na D. Nikazifuta zote mbili nipate moja kubwa. Sikufungua hata kuangalia ndani kuna nini.

Uliporudi, skrini ilikuwa inang'aa na ile picha ya kilima cha kijani, na mimi nimesimama pembeni nikingoja sifa. Ukabonyeza mara mbili tu. Kisha ukaniuliza taratibu, "Eliza, D iko wapi?"

D ilikuwa na nyimbo za Mwalimu. Kazi ya maisha yake yote ya kwaya, nota za sauti zote nne, amezichapa mwenyewe kwa vidole viwili. Ulihangaika nazo siku nne kwa zile programu zako za kurudisha vilivyofutwa. Yakaja majina ya mafaili, ndani hayana kitu.

Tukapanda gari la Kiomboi pamoja mpaka Kinampanda, tumebeba mashine yake. Sebuleni kwake ulikataa kukaa. Ukasema umesimama, "Mwalimu, nimekufutia nyimbo zako. Ni mimi. Nilifanya haraka." Mimi nilikuwa mlangoni, naangalia sakafu. Mwalimu hakufoka. Aliuliza tu kama zote, ukasema zote, akatikisa kichwa. Njiani kurudi nilifungua mdomo niseme, ukaniwahi. "Wewe bado unajifunza. Mimi jina langu limeshakomaa, litavumilia."

Nami nikaona nafuu, Baba Mdogo. Huo ndio ukweli. Niliona nafuu.

Kabla ya hapo, Mwalimu hakuwahi kufika Singida mjini bila kupita dukani. Mlikuwa mnakunywa chai mkibishana kuhusu besi, wewe ambaye hukuweza kuimba besi hata kwa kusaidiwa. Baada ya hapo hakupita tena. Nilikuwa nakuona ukiinua kichwa kila gari la Kiomboi liliposimama pale ng'ambo. Nikajiambia Mwalimu ana shughuli nyingi. Kwenye msiba wako alikuja, akasimama nyuma ya turubai, akaondoka kabla ya chakula.

Mwezi uliopita simu yangu ikaita, ni yeye. Hakuzunguka. Kompyuta yake ilikuwa haifunguki. Umeme ulikuwa umekatika kwao siku kadhaa, uliporudi mashine ikawa inaleta alama ya Windows, inapiga skrini ya bluu kufumba na kufumbua, inajizima na kuanza tena, hivyo hivyo bila mwisho. Fundi mmoja alimwambia dawa ni kuweka Windows mpya. Aliposikia neno hilo aliichukua mashine yake akaondoka nayo. Ndani zilikuwemo nyimbo alizokuwa anazikusanya upya kwa miaka mitatu, kwa kuwaimbisha wanakwaya wa zamani mmoja mmoja na kuandika walichokumbuka. Tamasha la kwaya lilikuwa limebaki wiki tatu, na nota alikuwa hajazichapisha kwenye karatasi.

Akaniuliza ulimwachia nani kazi. Nikasema ni mimi. Kisha akasema, "Basi njoo wewe. Ila usiguse kitu kabla hujaniambia unachotaka kufanya."

Nilikwenda kesho yake asubuhi. Baridi ile ya kwetu, na upepo, na mimi kwenye bodaboda nimekumbatia begi lako la vifaa. Nikamwamkia, akaitikia, akavuta kiti akakaa nyuma yangu kabisa, kama msimamizi wa mtihani.

Nikamhoji kama ulivyonifundisha. Alipofika mahali pa kusema kwamba siku hizi saa ya kompyuta inaonyesha mwaka wa zamani sana na kwamba kabla ya kuendelea inamtaka abonyeze F1, moyo wangu ukatulia. Betri. Ile ya duara kama sarafu, inayokaa kwenye bodi kuu. Ikifa, umeme ukikatika mashine inasahau kila ilichoambiwa: inasahau tarehe, na inasahau namna ilivyopangwa kuongea na diski. Inarudi kwenye mpangilio wa kiwandani, na XP ya zamani ikiamka haiijui tena diski yake. Hata CD ya kuweka Windows ingekwama palepale kwa skrini ileile ya bluu. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa imesahau tu.

Sikukimbilia. Nikasema, "Mwalimu, natoa diski niichomeke kwenye laptop yangu, nyimbo zitoke kwanza." Zikatoka zote. Nikazinakili kwenye flashi mbili, nikamwomba azifungue mwenyewe moja baada ya nyingine. Alizifungua. Nyingine alikuwa anaanza kuziimba chini chini, halafu anakumbuka nipo, anaacha.

Ndipo nilipougeuza ule mfuniko wa pembeni niliokuwa nimeuvua.

Kwa ndani kulikuwa na karatasi umeibandika kwa selotepu. Mwandiko wako, ule unaolala kulia kama mtama uliopigwa na upepo. Umeandika: *Diski iwe IDE. Betri ikifa, rudisha hivi.* Na chini yake, pamoja na tarehe: *Mafundi: Samweli na Eliza.*

Uliibandika wakati ule ule, Baba Mdogo. Juma lile lile nililofuta. Nimeharibu kazi ya mtu, umebeba lawama zangu mpaka Kinampanda, na kwenye karatasi bado ukaniandika fundi.

Mwalimu akasogea, akavaa miwani, akasoma. Akasema, "Kumbe na wewe uliigusa kazi ile."

Nikamwambia. Sikupanga maneno. Nikasema, "Mwalimu, ni mimi niliyefuta. Baba Mdogo alikuwa hospitali, na aliniambia nitoe mafaili kwanza. Alikuja hapa kunibebea lawama." Nililia mbele ya mtu mzima na vumbi la kompyuta mikononi, nikajipaka usoni.

Mwalimu alitoka nje. Nilimwona kupitia mlango amesimama anaangalia zizi, mikono nyuma. Nikaona bora nimalize kazi niondoke. Nikaweka betri mpya, nikarudisha diski, nikaingia kwenye mipangilio, nikaandika tarehe, nikaipanga iongee na diski kwa IDE, ile lugha ya zamani inayojulikana na XP, kama ulivyoagiza, nikahifadhi. Ikalia mlio mmoja mfupi. Ikaja alama ya Windows, ikapita pale ilipokuwa inagoma, ikaendelea. Nikaita, "Mwalimu, imewaka."

Akaingia. Hakuiangalia mashine hata kidogo. Alikaa, akaongea taratibu, na maneno yake nayaleta kwako kama alivyoyasema.

"Sikumnunia Samweli kwa ajili ya nyimbo. Nilimjua miaka mingi, sijawahi kumwona akifanya haraka kwenye kazi ya mtu yeyote. Nikajiuliza, mbona kwangu mimi alifanya haraka? Nikaona kumbe ananidharau."

Baba Mdogo. Wote tuliona kosa ni zile nyimbo. Hapana. Kilichomuumiza ni lile neno dogo uliloongeza ili kunifunika. Na mimi ningeweza kuliondoa siku yoyote, kwa sentensi moja.

Kwangu hakusema nimekusamehe. Alisema, "Ungesema." Nami nikajibu, "Ningesema, Mwalimu." Mkewe akaleta ugali wa uwele na mlenda, tukala. Nilipotaka kuacha, Mwalimu aliniongezea mwenyewe.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alikuja Mwankoko. Hakuniambia kama anakuja. Mama Mdogo alimpokea, akamwonyesha ulipo. Akavua kofia, akatuomba tumpishe. Nilisikia akikuita jina, na "mimi nilidhani," basi, yaliyobaki yalichukuliwa na upepo. Alisimama pale mpaka miguu ikachoka. Kisha akaja kukaa na Mama Mdogo barazani, akaanza kumwigizia besi yako. Mama Mdogo alicheka, Baba Mdogo. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Miezi minane sijausikia mcheko huo.

Tamasha lilifanyika, nilikwenda. Nyimbo zimerudi, ila kwenye nyingine sauti ya tatu, ile ya tena, ilipotea kabisa, kwa sababu aliyekuwa anaiimba alihamia Kahama. Nimemtafuta mpaka nimepata namba yake. Sasa Jumamosi anaimba kwenye simu, Mwalimu anaandika nota. Zikikamilika mbili tatu ananipigia nizisikilize, ingawa anajua sijui kitu.

Nami sijui kama kukuomba radhi kwa barua kunatosha. Ulipoteza rafiki yako miaka ya mwisho ya maisha yako kwa sababu mimi niliangalia sakafu, na hukunionyesha hata siku moja kwamba imekugharimu. Uliendelea kunifundisha. Uliendelea kuniita fundi mbele za watu. Laiti nawe ungeniacha niseme siku ile kwenye gari. Nimekukasirikia kidogo kwa hilo, halafu nikakupenda zaidi.

Nakuahidi jambo moja. Nikiharibu, nitakwenda mwenyewe kwa mwenye mali, siku hiyo hiyo, niseme kwa mdomo wangu ni mimi. Na nikipata wa kumfundisha, nitamwacha naye aseme lake, hata kama litaniuma kumsikiliza.

Pumzika, Baba Mdogo. Mama Mdogo nitamtunza. Mwalimu Lazaro anakusalimu. Nilimuuliza kama ana neno la kuongeza kwenye barua hii, akasema hapana, yake amekwambia mwenyewe.

Mwanao,
Eliza