Mume Wangu Amenichagulia Hospitali ya Kusomea Ubingwa

Anti Arit,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa bado na hasira, na ukiona herufi zinapishana jua si haraka ya daktari, ni hasira hiyo. Majina yote nimeyabadilisha, langu pia. Niite Idara. Mimi ni daktari wa kawaida hapa Uyo, kusini mwa Nigeria, nimeolewa na Edidiong, na tangu nikiwa chuoni nilijua nataka kuwa bingwa wa magonjwa ya akili, jambo ambalo kwetu ukilisema mezani watu wanaacha kutafuna, na mama mkwe wangu mpaka leo akiulizwa na wenzake wa kanisani hujibu kwamba nasomea "mambo ya kichwa" ili wafikiri ni upasuaji.

Mwaka huu Mungu akanifungulia milango miwili kwa mpigo, nikapata nafasi ya mafunzo katika hospitali mbili, na kwa kuwa ni miaka mingi ya maisha yangu nikasema siwezi kuchagua kwa kusikia, nikafunga safari nikazitembelea zote. Ya kwanza nitaiita ya Jijini. Anti, ni pazuri, umeme haukatiki, kuna maktaba, kuna mashine za kupima ubongo, kuna wodi ya watoto na wodi ya walioathirika na dawa za kulevya, kila Jumatano kuna darasa, wanaomaliza pale wanafaulu mitihani na wengi wao sasa wako Kanada na Uingereza, na mkuu wao ni Profesa ambaye jina lake likitajwa watu wanakaa vizuri kwenye viti. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kabla hata sijamaliza chai waliyonipa.

Kisha tukaingia raundi ya kuwaona wagonjwa wodini. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, nitamwita Mama Koko, mfiwa, ambaye ugonjwa unamwambia kwamba marehemu mumewe yuko njiani anakuja kumuoa upya. Profesa akatugeukia sisi wageni akasema, "Hamjaona kitu. Mama, bwana harusi amefika wapi leo?" Mama akajibu kwa furaha kabisa, amefika Oron, anasubiri boti. "Basi tuchezee ile ngoma ya harusi, wageni hawajaiona." Na yule mama akashuka kitandani akacheza, Anti, mwanamke wa umri wa mama yangu, khanga ikimvuka kiunoni, madaktari wakipiga makofi, mmoja akatoa simu akarekodi. Nikajikuta nimesogea nimemfunga mama khanga yake, nikasema, "Profesa, samahani, huyu mama amekuja kutibiwa, hakuja kutuchezea." Profesa akatabasamu. "Binti, hujaingia hata mlangoni umeshaanza kutufundisha? Usijali, ukija tutakunyoosha." Wote wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Tulipotoka nje daktari mmoja wa mwaka wa tatu akaninong'oneza, "Dada, utazoea. Sote tulikuwa hivyo. Wasiozoea hawafaulu."

Hospitali ya pili nitaiita ya Mlimani, iko kule juu kwenye baridi. Umeme unakatika, vitabu ni vya zamani, ukitaka kujifunza magonjwa ya watoto unapelekwa mji mwingine kwa miezi kadhaa, na mabingwa wenyewe wanahesabika kwa vidole. Lakini nilikaa kliniki na Dk. Nentawe, mwanamke anayeongoza mafunzo, mdomo mkali kama pilipili, na nikamwona akisoma faili aliloandika mwanafunzi wake. "Umeandika 'mgonjwa ni mkaidi, hataki dawa.' Ulimuuliza kwa nini?" Kijana akasema hapana. "Haya, muulize sasa hivi, mimi nipo." Mgonjwa akasema dawa inamtetemesha mikono, na yeye ni fundi cherehani. Dk. Nentawe akamgeukia mwanafunzi: "Mkaidi ni nani hapo? Fundi anayetetemeka mikono atapitishaje uzi? Atakula faili lako?" Wakakaa wote watatu, pamoja na mke wa yule fundi, wakazungumza juu ya kubadilisha dawa mpaka fundi mwenyewe akasema sawa, hiyo nitaijaribu. Nikajua hapa ndipo nitakapojifunza kazi.

Nikarudi nyumbani nikamweleza mume wangu. Edidiong kwa miaka miwili sasa wimbo wake ni mmoja, Kanada, Kanada, na kwake hospitali ya Jijini ni daraja la kwenda huko. Akasema nimerogwa na baridi. Tukabishana siku kadhaa, nikamwambia nipe nafasi nifikiri, nikafikiri amenielewa.

Juzi nikiwa kazini simu ikaita, ni Dk. Nentawe. "Daktari, nimepata ujumbe wako. Nimesikitika lakini nakutakia heri huko Jijini." Ujumbe gani? Akanisomea. Anti, ulikuwa umetoka kwenye simu yangu, kwa jina langu, unasema nimepata nafasi "katika taasisi yenye hadhi inayonifaa." Nikamwambia nitakupigia, nikakata.

Nilimkuta Edidiong anaangalia mpira. "Umeandika nini kwenye simu yangu?"

Hata hakugeuka. "Nimekusaidia. Ulikuwa unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Umeweka jina langu, Edidiong!"

"Jina lipi? Hilo la mwisho si langu? Nimekuoa nalo."

Mama mkwe akatoka jikoni na kisu cha kukatia mboga za afang mkononi. "Mwanangu, kwanza hiyo kazi ya vichaa tumeimeza kwa maji tu. Sasa unataka uwafuate vichaa mpaka mlimani? Mume amekutafutia pa heshima, mshukuru!"

Sasa kila mtu ananiambia nishukuru, nalia nini, kuna madaktari wangapi wanaililia hiyo nafasi. Dada yangu mwenyewe anasema niende Jijini, ninyamaze, nimalize, nikishakuwa bingwa ndipo nibadilishe mambo nikiwa na cheo. Je, hasira yangu imepita kiasi? Niende kwa Profesa nimvumilie, au nirudi kwa Dk. Nentawe nimwambie nini, kwamba mume wangu ndiye mwenye mdomo wangu? Nisaidie Anti, nyumba hii imekuwa ndogo.

Idara, Uyo

*

Idara mwanangu,

Marahaba. Hasira yako haijapita kiasi. Imechelewa tu kufika mahali pake.

Nianze na Edidiong, maana huyo ndiye amenichemsha. Mtu anayechukua simu yako, anaandika kwa jina lako, anakukatalia kazi uliyoipenda, kisha anaendelea kuangalia mpira, huyo hajakusaidia. Angefanya hivyo mtu baki ungeenda polisi. Eti jina ni lake! Aliyekesha na vitabu ni yeye? Aliyewazalisha wanawake kwa tochi wakati wa zamu ni yeye? Jina la ukoo ni lake, sawa. Neno "Daktari" lililo mbele hakukuoa nalo, ulikuja nalo. Kama anataka Kanada aseme anataka Kanada, mkae mzungumze kama watu wazima. Hata ndoto hiyo ina haki ya kusikilizwa. Haina haki ya kuandika barua.

Mama mkwe mheshimu, mwamkie, kula afang yake. Usukani usimpe.

Sasa dada yako na hekima yake ya "nyamaza umalize." Mimi nilikuwa muuguzi miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua, na nimewaona wengi walioingia nyumba mbovu wakisema wataibadilisha. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Miaka ya mafunzo, mwanangu, samaki ni wewe. Profesa amekuambia kwa mdomo wake kwamba atakunyoosha, na yule wa mwaka wa tatu amekuonyesha samaki aliyekwisha kunyooshwa anavyofanana. Hakukuambia uongo. Utazoea. Hilo ndilo la kuogopa.

Lakini na wewe subiri, usikae unatikisa kichwa kama mwenye haki yote. Nimekusoma vizuri. Ya Jijini umeniambia wanaofaulu, wodi zilizopo, darasa la kila Jumatano. Ya Mlimani umeniambia fundi cherehani. Fundi amenigusa hata mimi, lakini umeuliza nini kingine? Waliomaliza pale ni wangapi? Dk. Nentawe akiugua au akihama, nani atakufundisha? Ukienda kujifunza magonjwa ya watoto mji mwingine, nani anakupokea, au unatupwa tu? Mafunzo yao yanatambuliwa mpaka lini? Huruma ni kubwa, Idara, ila huruma haikufanyii mtihani, na mgonjwa anastahili bingwa aliyefaulu, si mtu mwema tu. Umependa kwa jicho moja. Fungua la pili ndipo uamue.

Na jambo ambalo hukuniuliza. Mama Koko bado yuko wodini, na yule daktari bado ana video kwenye simu yake. Ulimfunga khanga, umefanya vema, wachache wangethubutu. Lakini kesho wageni wengine watakuja. Andika malalamiko kwa uongozi wa hospitali na kwa baraza la madaktari, weka jina lako halisi, eleza ulichoona kwa macho yako, usiongeze chumvi. Watasema una kinyongo. Waache waseme. Yule mama hana mwingine wa kumsemea aliyekuwa ndani ya chumba kile.

Basi fanya hivi. Leo, si kesho, badilisha namba ya siri ya simu. Mwambie Edidiong ampigie Dk. Nentawe kwa sauti yake mwenyewe aseme, "Niliyeandika ni mimi." Akikataa, utakuwa umejifunza jambo kuhusu ndoa yako ambalo ulikuwa unahitaji kulijua. Wewe piga hata hivyo. Usimwonee aibu yule mama mkali, anayeuliza kwa nini fundi hataki dawa ataweza kusikia na lako. Muulize maswali yangu yote. Majibu yakitosha, nenda. Yasipotosha, tafuta hospitali ya tatu. Nchi hii ni kubwa kuliko Profesa mmoja.

Anti Arit

*

Wasomaji, gazeti lilikuwa bado halijaenda mitamboni Idara akaniletea ujumbe. Ameniruhusu niuweke.

"Anti, Edidiong amekataa kupiga simu. Nimepiga mwenyewe, yeye akiwa amekaa palepale. Dk. Nentawe alisema, 'Nilijua kuna kitu. Ujumbe ule ulikuwa na majivuno, na wewe ulipokuja hapa ulikuwa na maswali.' Nikamuuliza maswali yako. Alijibu yote bila kuficha: walioanza ni watano, watatu wamemaliza, wawili waliondoka kwenda nje. Yupo bingwa mwenzake atakayebaki akiondoka, na kwa watoto wana mwalimu anayewapokea. Lakini nafasi yangu wameshampa kijana wa Makurdi, na hawezi kumnyang'anya. Amesema nije nifanye kazi kwao kama daktari wa kawaida, niombe tena mwakani, bila ahadi. Jijini nimewaandikia kwamba sitakwenda, na malalamiko nimeyatuma siku hiyohiyo. Mume wangu anasema nimeichoma moto bahati yetu. Hatuongei. Nimekubali kwenda Mlimani. Nimekosea?"

Hapana, Idara. Umepoteza mwaka, na aliyekupotezea anajulikana. Mwaka unalipika. Funga mizigo, beba sweta mbili, na Edidiong mwachie anwani. Akitaka kuzungumza, aje kwa miguu yake, abishe hodi, asubiri kufunguliwa.