Mume Wangu Ana Miaka Arobaini na Tano na Bado Anakua

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako kabla sijapasuka, na sijui nitapasuka kwa kucheka au kwa kulia, maana yaliyonifika hata nikimsimulia mama yangu mzazi ananiuliza kama nimekula. Mimi ni fundi viatu na mume wangu ni fundi saa, tunafanya kazi chumba kimoja, mgongo kwa mgongo, mimi nikigonga nyundo yeye analalamika, "Taratibu mke wangu, umenirushia skrubu," na hivyo ndivyo tulivyopendana. Viatu vyake namshonea mwenyewe tangu uchumba, na kalibu yake, lile umbo la mguu la mbao ninaloshonea, nimeitundika ukutani. Sasa akaanza kusema viatu vinambana, nikadhani ngozi ni mbaya, nikagombana na muuzaji ngozi bure, maskini. Vikabana tena, nikadhani mkono wangu umezeeka. Mwisho nikaiweka kalibu chini ya wayo wake, Mshauri, vidole vinachungulia nje! Mtu mzima! Nikachonga kalibu nyingine, ikawa ndogo, nikachonga nyingine tena.

Pete ya ndoa ikagoma kutoka, sonara akaikata, taya likatangulia mbele, meno yakaachana, na anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta. Mama mkwe anashangilia tu, anasema, "Hilo ni umbo la babu yake, lilichelewa njiani." Vidole vimenenepa, bisibisi haishikiki, siku hizi anapokea saa za ukutani tu. Lakini timu yetu ya mafundi ilikosa kipa, wakamweka yeye kwa kubahatisha, na mpira ukifika mikononi mwake ndiyo umefika! Huyu mtu mpole, aliyekuwa anasalimia kwa kope, sasa watoto wanamkimbilia njiani, "Komeo! Komeo!" na mimi nisiwe mnafiki, naruka pembeni mwa uwanja mpaka kilemba kinadondoka. Mshambuliaji wetu, seremala, ameniita kando akaniuliza Komeo anachoma sindano gani ili na yeye akachome. Tumefika fainali, Mshauri, tumefika fainali!

Basi kichwa kikazidi kumuuma, tukaenda hospitali, daktari akamtazama mikono kabla hata hajamuuliza jina. Damu ikapimwa, wakasema kuna kitu kinaitwa IGF-1, kichocheo cha ukuaji kinachofanana na insulini, kwake kiko juu mno, kwa sababu ya kivimbe kidogo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, si saratani, na kinatolewa kupitia puani. Wamempangia kulazwa wiki ileile ya fainali. Kumbe mwenzangu amekwenda kuahirisha bila kuniambia! Namuuliza, ananijibu, "Wakinipunguza huko ndani, mikono si itarudi ile ya zamani? Nani ataniita Komeo?" Tena ameniagiza njumu kubwa zaidi. Nishone au nisishone? Mechi iliyopita alifungwa goli la kizembe, mpira ulipita ubavuni mwake hakunyanyua hata mkono, akasema jua lilimpiga machoni. Siku ile palikuwa na mawingu.

Na kuna saa yangu ndogo ya mkononi aliyonichumbia nayo, imesimama, iko kwenye droo yake, kila nikiuliza ananiambia kesho. Juzi nimemkuta ameishika, bisibisi inamponyoka, akaifunga droo haraka. Hapo sikucheka.

Ni mimi, mke wa Komeo.

MSHAURI ANAJIBU

Mke wa Komeo, nimecheka mpaka nilipofika kwenye lile goli. Hapo nikavaa miwani.

Wewe ni fundi wa vipimo. Umechonga kalibu juu ya kalibu ukagombana na muuzaji ngozi, mguu wenyewe hukuuliza! Haya, pole, maana mapenzi na magoli hupofusha. Sikiliza sasa.

Hiyo IGF-1 si adui. Tezi hutoa homoni ya ukuaji, homoni inaliamsha ini, na ini ndilo hutengeneza sehemu kubwa ya kichocheo hicho. Ndicho kilichomrefusha mumeo utotoni. Mtoto anayekikosa hudumaa, na mtu mzima bado anakihitaji kwa ajili ya mifupa na misuli. Lakini kila kitu na kiasi chake. Kwa mumeo tezi haijui kunyamaza, na kinachokua si mikono tu. Moyo nao unatanuka. Sukari na presha vinapanda. Koo linabanwa, ndiko huko kukoroma. Na kivimbe kikibana mishipa ya macho, mtu huanza kupoteza uoni wa pembeni. Unanielewa kuhusu lile jua la mawinguni?

Kesho asubuhi mkalishe mbele yako, akutazame pua bila kugeuka. Chukua saa, ilete polepole kutoka nyuma ya sikio lake kuja mbele, akuambie anapoiona. Aione, asiione, siku hiyohiyo mrudishe kwa daktari, na habari ya lile goli uitoe wewe, maana yeye ataizungumzia hali ya hewa. Tarehe ya kulazwa irudishwe palepale. Akishatibiwa, asipotee: damu itapimwa tena na tena, na huenda akahitaji dawa.

Hofu yake mwondolee. Mifupa iliyokwisha kukua hairudi nyuma, mikono itabaki ya Komeo. Kinachopungua ni uvimbe wa nyama. Kipa mwenye macho mawili yanayoona bado ana misimu mbele yake. Fainali adake mwingine, mkifungwa mmefungwa. Seremala mwambie ale, alale, afanye mazoezi. Anayejichoma homoni ya ukuaji ananunua kwa rejareja ugonjwa ambao mumeo anautafutia tiba. Mama mkwe mwache na babu yake.

Njumu usishone. Shona sapatu za wodini, laini, zenye nafasi, na zikubaliane na mguu wa leo.

Halafu fungua ile droo, utoe saa yako, uitie kwenye mkoba wa hospitali pamoja na bisibisi ndogo. Usimwambie neno. Uvimbe ukipungua, vidole vikilegea, mpe aifungue yeye mwenyewe, hata ikimchukua mwezi mzima. Siku ikianza kutembea niandikie tena, na siku hiyo kilemba kidondoke.