Hendeli ya Gari la Babu Yako

Kabula mjukuu wangu,

Mwangaluka, mama. Hapa Dutwa tumeamka, pamba imeota, ila goti langu linasumbua. Wewe unakula vizuri?

Umeniuliza kama ni kweli babu yako ndiye aliyewasha gari kwa hendeli siku baba yako alipougua akiwa mchanga. Nani kakudanganya, baba yako mdogo? Nimekasirika mpaka chai imenishinda!

Gari halikuwa na stata, injini iliwashwa kwa kuzungusha hendeli, kile chuma cha mbele, kwa mkono. Babu yako alikuwa amevunjika mkono, maana alishika hendeli na dole gumba likazunguka chuma, injini ikairudisha kinyume ikampiga. Jirani aliyekuja kutuendesha hadi hospitali akaiogopa hendeli. Nikasema, "Lete, nizungushe mimi." Akacheka, "Shemeji, mwanamke akishika hendeli gari linasusa!" Mtoto anachemka homa mgongoni kwangu, yeye ananiambia habari za kususa! Nikampa babu yako mtoto kwenye mkono wake mzima, nikalaza dole gumba upande mmoja na vidole vingine, nikavuta kwenda juu. Mara ya tatu likanguruma. Yule jirani akaingia akashika usukani.

Sasa gari hilo ni lako, na fundi wako kaweka stata, anataka kuitupa hendeli. Stata ni sawa, mama, nitalala bila wasiwasi. Lakini hendeli asiiguse! Iweke chini ya kiti, na siku ukiishika, chunga dole gumba, nakusihi.

Baba yako mdogo mwambie aje anihadithie mimi hiyo siku. Alikuwa hata hajazaliwa.

Ni mimi bibi yako, niliyeliwasha.