Jezi ya Kifuniko

Januari 6. Miaka miwili na miezi mitatu tangu niondoke.

Mama, shikamoo. Natumaini mguu umepoa na cherehani inazunguka. Mimi mzima, ila mgongo umekuwa wa babu. Kutwa tunapakia matofali ya saruji kwenye malori, na vumbi likishaingia kooni hata chai ina ladha ya ukuta.

Yule dereva wa lori anayevuka mpaka kuja huko kanipa barua yako getini. Niliposoma kwamba mdogo wangu Kifuniko ameitwa timu ya taifa, ile ya wachezaji wa ligi ya ndani tu, nilipiga kelele msimamizi akadhani nimeangukiwa na tofali. Wenzangu wakanitania: "Timu ya waliokosa nauli!" Nikawajibu, "Wenzenu wanalala kwao."

Nimempa dereva jezi ya kipa, ya njano, ina nembo ya kiwanda. Hapa tuna timu yetu ya Ijumaa, tunacheza uani katikati ya malori. Jezi ilibaki kwa sababu kipa wetu ni mlinzi wa geti na tumbo lake lilikataa kuingia. Kifuniko aivae mazoezini.

Mwanao wa kwanza.

---

Januari 20

Marahaba, mwanangu. Mguu haujambo. Kinachouma ni kichwa, na nimekiumiza mwenyewe.

Jezi ilifika. Nikaipunguza mabegani, nikashona mgongoni KIFUNIKO na namba moja, kwa uzi mweusi, mshono wa kukaa miaka. Nikaitundika mlangoni mwa duka. Mama gani angeificha? Kila aliyeuliza nikamwambia, "Ya mwanangu, imetoka nje." Akaja muuza vitambaa: "Kumbe mwanao kasajiliwa nje?" Nami nilikuwa na pini mdomoni, napima pindo la mteja. Nikaitikia, "Mmh."

Hiyo "mmh" ndiyo iliyotuponza. Yule mama hana breki. Picha ya jezi ikapita simu hadi simu, ikafika kambini. Kocha kamwita mdogo wako: "Hapa ni ligi ya ndani tu. Ukishasajiliwa nje, huna nafasi." Mdogo wako kaapa hana klabu yoyote ya nje. Kaulizwa, jina hili mgongoni ni la nani, la shangazi yako?

Amerudi nyumbani na begi lake. Kocha amesema atasubiri hadi mwisho wa mwezi, mtu wa klabu hiyo ampigie athibitishe kwamba hajasajiliwa huko. Ikishindikana, anaita kipa mwingine. Sasa klabu ipi, nanyi mnacheza kati ya malori?

Hanilaumu, na hilo ndilo linaloniua. Anakula, anaosha sahani, anakaa mlangoni na mikono imelegea kama si yake. Namba ya kocha iko hapo chini. Fanya upesi, baba.

Mama yako.

---

Januari 28

Mama, shikamoo. Punguza mawazo, usije ukajishona kidole.

Barua nimeipata leo asubuhi. Simu zetu hapa hazishiki mtandao, kwa hiyo nikaenda moja kwa moja kwa msimamizi, kwenye simu ya ofisi. Yule mtu sijawahi kumwona meno. Nikamweleza nimeshika kofia, akanitazama kama nimevunja tofali. Kisha akapiga. Sauti ya kocha ilivuka simu, nikaisikia yote.

"Klabu yenu ni ya daraja la ngapi?"

"Daraja gani? Sisi tunafyatua matofali."

"Lakini mna kipa anaitwa Kifuniko."

"Kipa wetu ni mzee wa getini. Sasa hivi amelala. Ukimtaka, mchukue, ila njoo na lori."

Mama, nikasogea karibu na simu. Halafu kocha akaangua kicheko hadi simu ikakwaruza, na msimamizi naye akacheka! Kumbe meno anayo. Kocha akamaliza kwa kusema, "Basi nimesikia." "Nimesikia" si "nimekubali". Dereva anangoja barua hii. Nijibu haraka, chakula hakipiti.

Mwanao.

---

Februari 14

Marahaba, mwanangu. Kula. Kula ushibe.

Siku ya pili baada ya simu yenu, gari la timu lilisimama mbele ya duka. Kocha mwenyewe kashuka. Nikatema pini zote kwanza, ndipo nikafungua mdomo. Akamwambia mdogo wako, "Panda, mchezaji wa matofali." Kisha akaigeuza ile jezi, akapapasa mshono, akauliza kama nina nafasi ya kushona majina ya timu nzima. Nimeshona. Beki wa kulia ni yule kinyozi wa nyuma ya kituo. Jina lake refu, limezunguka mgongo hadi kwapani.

Juzi wamecheza, tumeshinda moja bila. Mpira wa mwisho wa kona nilifumba macho. Nilipofumbua, Kifuniko alikuwa ameukumbatia kama mtoto mchanga. Nimelia, lakini vizuri.

Nyumba imetulia. Kimebaki kitanda kimoja kitupu, chako.

Mama yako.

---

Februari 23. Miaka miwili na miezi minne, na inatosha.

Mama, shikamoo. Mimi mzima, na sasa nashiba.

Mechi tuliitazama kwenye luninga ya bwalo. Walioniambia "waliokosa nauli" ndio waliopanda juu ya mabenchi ile kona ilipopigwa. Mzee wa getini alikuwa macho, amini usiamini, anafundisha: "Toka, kipa, toka!" Kifuniko akatoka, akaudaka. Watu wakanibeba mimi, kana kwamba nimedaka mimi.

Walipomwonyesha kwa karibu, nikasogea hadi pua ikagusa kioo. Amepata ndevu. Hukuniambia.

Jana msimamizi kaniita niongeze mkataba mwaka mmoja. Nikamwambia hapana, nimeitwa timu ya ndani. Akacheka tena, mara ya pili hiyo.

Tandika kitanda. Mwambie Kifuniko asinyoe hadi nimwone. Nitakuja na lori la dereva wetu, nategemea kushuka mbele ya duka Machi 22, Jumamosi, mchana.

Mwanao wa kwanza.