Mikono Tuliyoihesabu

Dada Sekunda, mwenzangu wa kuhesabu,

Nakuandikia kutoka Kasulu, kwenye kile chumba changu cha nyuma ya soko ulichokiita ofisi ya mtu asiyetaka wageni. Kiti bado ni kimoja. Mvua zimeanza, barabara ya kwenda Kibondo imeharibika kama kila mwaka, na mji umejaa watu wa kazi yako. Tangu Warundi waanze kuvuka mpaka kwa wingi mwaka huu, nyumba za kulala wageni hazina nafasi. Asubuhi nawaona wakinywa chai harakaharaka, vizibao vina nembo, mabegi ya kompyuta mgongoni, wakisubiri magari ya kambi ya Nyarugusu. Ni wataalamu wa haki, wa utawala bora, wa uchaguzi, wametoka nchi ambazo mimi nazisikia kwenye taarifa ya habari tu. Juzi nilimwona mmoja, mwanamke, amevua viatu na kuvishika mkononi ili avuke tope, kama ulivyokuwa ukifanya. Nilisimama kidogo. Kisha nikaendelea na safari yangu.

Barua hii itachapishwa, na wewe unaelewa maana yake. Kuna jambo moja sitalisema humu, ingawa ndilo linalonifanya nikuandikie.

Ulikuja huku mwaka 2012. Ulikuwa Mmatengo wa Mbinga, umefundisha mabaraza ya vijiji katika nchi kadhaa za Afrika na moja ya Asia kabla hujapewa nafasi ya kufundisha ya kwenu. Shirika lako lilitafuta mtu wa kukutafsiria Kiha, likaelekezwa kwangu: mwandishi wa habari wa siku nyingi, mzaliwa wa Kibondo, mwenye pikipiki na asiye na mtu wa kumngoja nyumbani. Siku ya kwanza ulinisalimia "Mwakeye" jua likizama. Nikakuambia hiyo ni salamu ya asubuhi. Ukajibu, "Basi nimeiwahi ya kesho."

Wataalamu wengine niliowahi kuwatafsiria walikuja na mabango na maneno marefu. Wewe ulikuja na swali: mikono inaponyooshwa, nani anamtazama nani? Tulizunguka vijijini tukikaa nyuma kabisa ya mikutano, tukiangalia macho ya watu badala ya mikono yao. Mwenyekiti akiuliza "wanaokubali?", wake huwatazama waume, vijana huwatazama baba zao, na waume humtazama mwenyekiti. Mkono mmoja unapanda, mingine inafuata. Hiyo ndiyo sisi huiandika gazetini kuwa wananchi wamekubali kwa kauli moja.

Dawa yako ilikuwa rahisi mpaka nikaitilia shaka. Wote wafumbe macho, ndipo wanyooshe. Wabaki wawili tu wenye macho wazi, kila mmoja ahesabu kimoyomoyo, kisha walinganishe. Na wawili hao wasiwe na mke, mume, shamba wala shemeji katika kijiji hicho. Ulinitazama ukasema, "Mwandishi, wewe unafaa. Wewe si wa mtu hapa." Ulikuwa unanisifu.

Kule Nyarugusu, ulipowaeleza wakimbizi wa Kongo utaratibu huo, fundi cherehani mmoja alisimama. "Madamu," alisema, "siye kwetu tulifungaka macho myaka mingi, na ile demokrasi hatukuionaka." Watu walicheka wakashika mbavu, na wewe ulicheka kuliko wote. Kisha ukamjibu, "Papa, safari hii na wakubwa wanafumba." "Ah. Pale sawa," akasema, akakaa.

Ndipo likaja suala la bonde. Kijiji ni kimoja cha milimani, upande wa Titye; jina nalihifadhi. Mwaka 2013 mtu wa mjini aliliomba bonde la mto ambako wanawake hulima maharage na mboga wakati wa kiangazi, ili apande miwa. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Gwimo, aliunga mkono. Hakuwa amehongwa; mimi na wewe tulilichunguza hilo, kila mmoja kwa njia yake. Aliamini kwamba miwa ingeleta barabara, na barabara ingeleta gari la wagonjwa. Binti yake wa kwanza, Redempta, alifia kwenye machela akipelekwa hospitali kwa njia ya miguu. Mke wake, ambaye wote wanamwita Mama Redempta, alikuwa na matuta yake katika bonde hilohilo.

Watu walikusanyika uwanja wa shule. Mtendaji wa kijiji, kijana wa Singida, aliuliza kama naye afumbe.

"Wewe hupigi kura," ulimwambia, "lakini una macho makali. Fumba."

Nikatafsiri, uwanja ukacheka. Kisha ukamwona mzee mmoja anachungulia.

"Babu, macho!"

"Namwangalia mbuzi wangu, ataingia kwenye mahindi ya watu!"

"Mbuzi wako hana kura," jirani yake akamwambia, yeye mwenyewe macho kayafumba. "Tuache tumalize, jua linatuunguza."

Baada ya hapo palikuwa kimya. Nimeripoti mikutano mingi, sikuwahi kusikia kimya kama kile. Kijiji kizima kimetuelekezea nyuso, macho yamefumbwa, na mikono ikaanza kupanda mmoja hapa, mmoja kule, bila kufuatana. Mwingine ulipanda nusu, ukatulia, kisha ukamalizia. Tuliona ndugu wa tumbo moja wakipingana, na majirani wasiosalimiana wakikubaliana, na hakuna hata mmoja wao aliyejua. Tulihesabu kila mmoja kivyake, wewe ukiwa kushoto kwangu, kisha tukanong'onezana. Hesabu zililingana. Bonde lilibaki kwa wanaolilima, kwa tofauti ya mikono michache. Mzee Gwimo alisimama akatangaza matokeo mwenyewe.

Njiani kurudi uliniambia nisimamishe pikipiki.

"Utaulizwa," ulisema. "Labda kesho, labda ukiwa mzee. Ukisema ya mmoja, hata kwa nia njema, umesema ya wote."

Nilikuambia nimewaficha waliokuwa wakinipa habari tangu nilipoanza kazi hii.

"Hao walikuchagua wakikutazama usoni," ulisema. "Hawa walifumba macho."

Mapema mwaka 2014 ulihamishiwa Sudan Kusini. Nilikusindikiza stendi. Ulisema, "Siku ukiulizwa na ukaona unashindwa, nipigie." Nikakujibu kwamba sitashindwa. Basi likaondoka, nami nikaenda kwenye kikao cha halmashauri, maana nilikuwa nimechelewa.

Mwishoni mwa mwaka huo Mzee Gwimo alishindwa uchaguzi wa serikali za mitaa. Akienda kwenye kilabu cha pombe ya ndizi, vijana walimtania: "Mwenyekiti wetu! Hata siku ya bonde, kura ya jikoni kwake hakuipata!" Siku moja asubuhi alibisha hodi hapa kwangu. Nilimpa kiti, mimi nikakaa kitandani.

"Mwandishi, sikuulizi ya watu," alisema. "Nakuuliza ya mke wangu. Siku ile ya bonde, alinikataa?"

"Mzee, hilo siwezi kulisema."

"Angekuwa upande wangu ungesema."

"Nisingesema pia."

"Basi jua kwamba nimempeleka kwa kaka zake Kakonko. Atakaa huko mpaka nijue. Neno lako moja tu, mwandishi."

Alikaa muda mrefu akingoja neno hilo. Nililipima kila upande, kama ungelipima wewe. Kama nilimwona hakunyoosha kumpinga mumewe, neno langu lingemrudisha nyumbani. Lakini kesho yake mwanamume mwingine angekuja kuuliza ya mkewe, na kunyamaza kwangu kungekuwa jibu. Na kama nilimwona amenyoosha, unajua mwenyewe: asingerudi. Alipoondoka hakuniaga.

Nilikupigia jioni ile. Hukupatikana. Niliendelea kupiga, kisha nikakutumia ujumbe: "Nimeulizwa." Jibu lilikuja wiki nyingi baadaye, nalo lilikuwa sauti ya mwanamume.

"Wewe ndiye mwandishi wa Kasulu? Mimi ni mdogo wake Sekunda. Tumerudishiwa simu yake pamoja na vitu vyake. Naona kuna ujumbe wako."

Uliugua ghafla, alisema, ukiwa katika mji mdogo ulioko mbali na hospitali, na mvua zilikuwa zimefunga barabara. Walikuwa wameshakuzika Mbinga. Nilimpa pole. Kisha akauliza kwa heshima, "Kaka, uliulizwa nini?"

Nikamwambia ni mambo ya kazi.

Siku hiyo niliandika habari ya mbolea iliyochelewa kuwafikia wakulima, nikaituma kwa wakati. Ni baada ya kuituma ndipo nilipoelewa hali yangu. Siku ile ya bonde macho yaliyokuwa wazi yalikuwa manne. Sasa ni mawili. Kuna jambo ninalolijua ambalo hakuna mtu mwingine duniani ninayeweza kukaa naye tukalijua pamoja, hata tukiwa tumenyamaza. Sikuwa nimefikiri kwamba kunyamaza pia kunahitaji mwenza.

Baadaye kazi ilinipeleka Kakonko, kuandika habari za ofisi za wilaya mpya. Nilimkuta Mama Redempta uani kwa kaka yake, anapukuchua maharage.

"Mwandishi, umekuja kuniambia nilichofanya?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Vizuri, maana mimi nakijua." Aliendelea kupukuchua. "Amekuuliza wewe. Amemuuliza mtendaji. Nasikia na padri kamuuliza. Mimi hajaniuliza. Tangu kura ile tumekula chungu kimoja mpaka siku aliyonileta hapa, hajaniuliza hata mara moja."

"Nimwambie hivyo?"

"Hilo si la kufumbiwa macho. Mwambie."

Nikamfuata Mzee Gwimo kijijini, nikamkuta shambani anapalilia migomba. Nilimpa maneno ya mkewe kama alivyoyasema, bila kuongeza. Aliegemea jembe.

"Nikimuuliza atasema kweli," alisema. "Huyo mwanamke hajui kudanganya."

"Basi utapata jibu."

"Ndilo ninaloliogopa. Unadhani ninalilia kiti? Kiti kimekwenda, kiende. Redempta alifia mikononi mwetu sote wawili, mwandishi. Mimi nilitaka barabara kwa ajili yake. Sasa kama mama yake aliikataa..." Akageuka kunitazama. "Wewe uliona. Niambie tu nijiandae."

Dada, hapo ndipo nilipokaribia kushindwa. Nakuambia hili kwa sababu ulinionya mapema, nami nikakujibu kwa kujiamini. Nilijua anachokitafuta, kilikuwa mdomoni mwangu, na mtu aliyekuwa mbele yangu hakuwa mbaya. Nilikutafuta kichwani ili unikataze. Nikakumbuka tu ulivyosimamisha pikipiki. Nikamwambia, "Mzee, nenda Kakonko," nikaondoka.

Mwezi uliopita mwenyekiti mpya alinipigia simu. Kijiji kilikuwa na hoja mpya, nayo ililetwa na akina mama: wachimbe barabara wenyewe kwa majembe, ipite kando ya bonde, na wenye matuta ya pembeni wakubali kuyapunguza. Walitaka kura ya kufumba macho. Hakuna mtaalamu aliyewaambia.

"Njoo utuhesabie," alisema.

"Na wa pili ni nani?"

"Wa pili si alikuwa yule mama? Tumesikia. Tumeshauriana hapa, mwandishi, utahesabu peke yako. Wewe hukusema."

Nilifika. Mama Redempta alikuwa amekaa na wanawake wenzake, kitenge kipya, anacheka na jirani. Mzee Gwimo alikuwa upande wa wanaume. Alikuja kunisalimia.

"Nilikwenda," alisema. "Nilimuuliza."

"Akasemaje?"

Nadhani alikuwa anatabasamu. "Ya nyumbani hayo, mwandishi."

Akarudi kukaa. Mimi najua mkono wa mkewe ulifanya nini siku ile. Yeye anajua alichoambiwa. Hatutalinganisha kamwe.

Mwenyekiti akawaambia wafumbe macho, wakafumba, Mzee Gwimo akiwa miongoni mwa wa kwanza. Mikono ikapanda. Nikahesabu mpaka wa mwisho, kisha nikageukia kushoto kukunong'oneza. Pale kushoto palikuwa na nguzo ya goli na mbuzi amefungwa hapo, safari hii kwa kamba.

Kanuni yako inataka hesabu mbili. Nikarudi mwanzo nikahesabu tena, polepole, mkono kwa mkono. Walinisubiri. Hakuna aliyelalamikia jua, hakuna aliyechungulia. Walikaa vile, mikono juu, macho yamefumbwa, mpaka nikamaliza.

Hesabu zililingana. Wanaanza kuchimba mvua zikipungua.

Pumzika, dada. Niliulizwa. Sikusema.

Ni mimi mwenzako wa kuhesabu,
Mwandishi