Kiungulia Hakivimbishi Uso

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo. Mvua zimeanza tena hapa Hombolo, na mimi ni mjamzito tena. Wengine wamenipongeza. Wewe ungeniuliza kwanza kama nalala vizuri.

Silali vizuri, mama. Kiungulia kimerudi. Kinaanza nikimaliza kula, kinapanda kifuani hadi kooni, kikali kama nimemeza ndimu na pilipili kwa pamoja. Nikiinama kufagia, kinapanda. Nikijilaza, ndiyo kabisa. Wenzangu jambo hili hulicheka na majirani. Mimi kila kinapowaka napeleka mkono chini ya mbavu, nabonyeza, nasikilizia.

Unaikumbuka mimba ya Yohana. Nilikuwa bado mgeni nyumbani kwako, nakuonea haya. Nilikula ugali wa uwele kwa mlenda harakaharaka, nikakimbilia chumbani kulala. Ukanisikia nikicheua. Ukaniambia nikae kwanza, tuchambue mboga, nilale baadaye. Ukaanza kunipakulia kidogo kidogo, na kweli kikapungua. Shangazi za mwanao Elisha wakacheka: "Huyo mtoto ana nywele nyingi, ndizo zinazokuchoma." Nikaamini. Nikafurahi hata.

Kisha ikaja ile wiki ya kuvuna zabibu. Elisha wako alikuwa Kibaigwa kwenye biashara ya mahindi. Maumivu yakahamia chini ya mbavu za kulia, yakaganda hapo, nile nisile. Kichwa kikawa kinagonga. Nikasema ni kiungulia. Shangazi wakasema ni kiungulia. Wewe ulikuwa unaingia kutoka shambani. Ukasimama mlangoni, ukanitazama usoni, hukusogea.

"Macho yanaona vizuri?"

"Naona kama vimulimuli, mama."

"Uso umekuvimba. Mimi sijui hiki ni nini, ila kiungulia hakivimbishi uso. Vaa viatu twende."

Viatu havikunienea. Ukanivalisha kandambili zako. Ukasimamisha pikapu iliyokuwa inapakia zabibu, ukamwambia dereva ashushe makreti. Akaanza kulalamika. "Zabibu zitasubiri!" ulimkemea, wewe ambaye sikuwahi kukusikia ukimpandishia mtu sauti. Njia nzima hadi mjini ulinishika bega, ukimhimiza dereva kila alipopunguza mwendo. Ndipo nilipojua kwamba na wewe unaogopa.

Hospitalini wakanipima, presha ilikuwa juu sana. Walisema kifafa cha mimba kilikuwa kinaninyemelea. Wakanifanyia upasuaji siku hiyohiyo, Yohana akatoka kabla ya wakati wake, kadogo, kichwa kitupu. Nywele zenyewe hakuwa nazo! Mimi nikiwa siwezi kuinuka, wewe ndiye uliyefungua blauzi ukambeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kama manesi walivyokuelekeza. Nami nilikuwa naona haya hata kula mbele yako.

Sasa hupo tena duniani, na Elisha ananiambia, "Ni kiungulia tu, mke wangu." Hiyo "tu" yake ndiyo inayoninyima raha. Ijumaa asubuhi nilimsimamisha mlangoni penye mwanga, nikamwambia anitazame uso vizuri. Akatazama. Akasema, "Umependeza." Nikaangua kilio. Maskini, hakujua amekosea wapi.

Nikaenda kliniki, ingawa haikuwa siku yangu. Nesi, binti mdogo mpole, akanipima presha na mkojo, akanibonyeza palepale chini ya mbavu. Akanieleza kuwa homoni za mimba hulegeza mlango wa juu wa tumbo la chakula, na mtoto anavyokua hulisukuma tumbo hilo juu. Ndipo tindikali inapanda. Chai kali, vya kukaanga, pilipili, kushiba sana na kulala hapohapo huzidisha. Akanipa dawa ya kutafuna, akanishauri niinue kichwa ninapolala.

"Lakini nitajuaje kama siyo kifafa cha mimba?"

"Maumivu ya juu ya tumbo yasiyoachia, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso au mikono kuvimba. Ukiona hata kimoja, usisubiri siku ya kliniki, kimbia hospitali. Leo presha yako iko sawa."

Alisema leo, mama. Tangu Ijumaa nalirudiarudia neno hilo, na bado sijui kama linanituliza au linanitisha.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni nikarudi. Nikamwomba anipime tena wiki ijayo, na inayofuata. Akaniuliza naogopa nini hasa. Nikamsimulia habari zako. Aliacha kuandika, akasikiliza mpaka mwisho, foleni ikinung'unika nje. Kisha akasema, "Njoo kila Jumatatu. Hata kama huumwi."

Kesho ni Jumatatu. Nimeshapiga pasi gauni.

Pumzika, mama. Mimi bado naogopa, lakini nitakwenda.

Mkwe wako,
Mama Yohana